Chukudu ya Nne

Nilikwenda Jumanne, siku ambayo bei hulegea,
dola sitini nimezifunga kwenye pindo la kitenge,
sitini ambazo ni maharagwe ya miezi saba
na deni moja la Kavugho, mke wa kinyozi.

Fundi Bauma alikuwa na chukudu tano, zimeegemea ukuta
wa mawe meusi, yale yale tuliyoyakimbia yakiwa moto,
kisha tukarudi kuyajengea.
"Ya mume wako?" akauliza.
"Ya mgongo wangu."
Akacheka. Halafu akaacha kucheka.

Niligonga mbao kama ninavyogonga boga sokoni.
Ya kwanza ilikuwa ndefu, ya wanaume wa Kibumba
wanaoteremka na magunia kumi ya makala, upepo mdomoni.
Sina haja ya magunia kumi. Upepo sina haja nao.
Ya pili ilipakwa rangi ya manjano,
na rangi, sote tunajua, huficha ufa.
Ya tatu ilinuka mkaratusi mbichi.
"Hii itapinda mvua ya kwanza," nikasema,
na fundi akatazama pembeni.

Ya nne ilikuwa fupi. Pembe zake zilinifikia kifuani.
Magurudumu ya mti, yamevishwa raba ya tairi kuukuu,
na kipande cha kandambili mahali pa kupiga goti.
Niliinua nyuma, nikazungusha gurudumu, nikasikiliza.
Lilisema neno moja, bila kigugumizi.

Vingine nilikuwa nimeshavipigia hesabu usiku.
Pikipiki hula kabla yangu,
na kila njia panda kuna filimbi inayodai chai.
Baiskeli kwa mawe haya huvunjika nyonga.
Msukuma wa kukodi anataka elfu mbili kwa safari,
na viazi vitatu vinne hushuka njiani bila kuaga.
Na mgongo,
mgongo naujua. Mama amebeba kwa kamba ya paji
tangu Rusayo mpaka soko la Virunga
hadi paji lenyewe likapata bonde:
ukiweka kidole, kinalala.

Dola hamsini na tano. Na misumari miwili ya akiba.

Wiki ya kwanza nilijifunza yale ambayo fundi hasemi.
Kizito kilale chini, katikati; kabichi ipande juu.
Breki ni kisigino na raba,
lakini breki ya kweli ni kuogopa mapema.
Mawese kidogo kwenye ekseli, kidogo tu:
panya wa Majengo hawachagui sahani.
Penye mlima usijifanye. Ita mtoto asukume, mpe kiazi.

"Mama Chukudu! Nyumbani umeacha nani?"
"Nimeacha kamba, imetundikwa."

Alhamisi, mteremko wa Birere, kulikuwa na tope.
Niliogopa nimechelewa.
Gunia lilipasuka, viazi vikakimbilia katikati ya barabara
kana kwamba kila kimoja kina mkutano wake.
Motari aliyenitukana ndiye aliyesimama.
Alivua kofia yake ngumu, akaokota,
akaleta kofia imejaa, hasemi kitu,
nywele zake zimelala kwa jasho.
Vilipungua vinne. Nilihesabu, ndiyo, ni kazi yangu.
Sikumwuliza.

Jioni ile Mama alikuja. Akaizunguka chukudu
kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari.
"Inakula nini?"
"Raba. Na mawese kidogo."
"Hailalamiki?"
"Kwenye kona tu."
Akakunja kitenge, akaweka goti kwenye kandambili,
akashika pembe mbili, akabaki hapo
haendi popote, uani, kati ya bidoni na kuku,
anatazama mbele.

"Kesho," akasema, bila kugeuka,
"unashuka Kituku saa ngapi?
Mimi nina bidoni mbili."